Mwezi, Ziwa na Paa la Shangazi

Kuna watu huharibu mashamba ya wenzao kwa kuachia ng'ombe. Mimi niliharibu shamba la shangazi yangu kwa mwezi. Nimelizunguka jambo hili miaka sita, na kila nikizunguka narudi palepale: matuta kumi na manne ya viazi vitamu, vimekomaa, vikaoza chini ya maji kwa sababu nilikuwa nimesoma kitabu.

Nusu ya kitabu, kusema kweli. Nilikiokota katika duka moja la Ndhiwa, ambako mwenye duka alikuwa akikichana ukurasa mmoja mmoja kufungia watu sukari. Kilikuwa kitabu cha jiografia cha darasa la saba, na mimi shule niliiacha la sita, baba alipofariki. Nilimwomba kilichosalia. Akanipa, akanicheka, akamfungia mteja sukari kwa jani la mgomba.

Nijieleze kidogo ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa kitabu hicho. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma chochote chenye herufi: kitabu cha nyimbo, karatasi ya chupa ya dawa ya minyoo, gunia la mbegu. Nilinawa mikono kabla ya kusoma. Nikinakili jambo daftarini na herufi moja ikapinda, nilichana ukurasa nikaanza upya, kwa hiyo nilikuwa na madaftari mengi yaliyobaki majalada tu. Usiku nililala nikihesabu makosa ya mchana. Kukosea mbele ya watu kulinitia homa. Na kusema "sijui" kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu mtu aliyesoma akisema hajui, basi alisoma nini?

Mwaka huo nilikuwa nikikaa Sori, kijiji cha kando ya ziwa, kwa shangazi, dada yake baba. Alikuwa mjane mwenye binti wawili walioolewa mbali, na mimi nilitumwa kumsaidia shamba. Nililima vibaya lakini kwa mistari iliyonyooka sana.

Sasa mwezi. Sura iliyonikamata ilikuwa ya mwezi na bahari. Mwezi, kitabu kilisema, huivuta dunia, lakini hauvuti sawasawa. Upande ulioukabili huvutwa zaidi kwa kuwa uko karibu, na upande wa mgongoni huvutwa kidogo kwa kuwa uko mbali. Ndipo maji ya bahari hutuna pande mbili: mbele kwa kuukimbilia mwezi, na nyuma kwa kuachwa, kama wale watu wanaobaki matangani wenzao wakishaondoka. Dunia huzunguka ndani ya vivimbe hivyo viwili, na kwa hiyo pwani hujaa maji mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea karibu dakika hamsini, maana mwezi nao hautulii. Ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, jua hujipanga nao katika mstari mmoja wakavuta pamoja. Hiyo ni bamvua, maji hujaa kuliko kawaida. Ukiwa nusu, jua huvuta huku na mwezi kule, wanabishana, na bahari haimsikilizi yeyote. Hayo huitwa maji mafu.

Maji mafu! Hakuna mtu Sori aliyekuwa na maneno hayo. Yalikuwa maneno ya pwani, ya watu ambao sijawahi kuwaona, nami nilitembea nayo kijijini kama mtu mwenye viatu vipya. Ukurasa uliofuata haukuwapo. Ulikuwa umeshakwenda nyumbani kwa mtu na robo ya sukari.

Wakati huohuo ziwa lilikuwa linapanda. Mvua ile ilianza kunyesha Mwingereza akiwapo, ikaendelea kunyesha tukiwa na bendera yetu wenyewe, wala haikuonyesha dalili ya kujua kwamba mambo yamebadilika. Mwanzoni yalizama mawe ya kufulia nguo. Kisha njia ya kando ya maji. Kisha mipapai ikasimama ndani ya ziwa na kambare wakapita chini ya majani yake. Watu wa kanisa la shangazi, Wasabato, walianza kuitazama ile sura ya Nuhu kwa jicho jipya, na Wakatoliki wakawaambia kwamba Mungu aliahidi kutorudia, wao hawasomi mpaka mwisho?

Boma la shangazi lilikuwa mteremkoni. Lango lilitazama ziwa, likiwa na ojuok pande zote mbili, ule mti wa utomvu mweupe tunaopanda uzio. Chini ya lango ndipo shamba la viazi lilipokuwa. Juu kabisa ilisimama nyumba yake ya mviringo yenye paa la nyasi. Kwa hiyo maji yalikuwa yanakuja kwa adabu, kama mgeni: shambani, langoni, uani, mlangoni.

Na hapa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo mtu atauliza kwa nini mama yule hakuchukua vyungu vyake akapanda juu. Kwetu mtu hahami hivihivi. Boma likifa, jipya huanzishwa na mwanamume: hutangulia alfajiri na shoka, jogoo na moto, mke wake akafuata. Mjane hufanyiwa hayo na ndugu wa marehemu aliyemrithi. Shangazi alikuwa amebatizwa na alikataa kurithiwa. Miaka saba alikataa, na hakuna aliyeweza kumlazimisha kwa sababu alikaa katika boma la mumewe, na boma lilikuwa hai. Lakini boma likizama, atahitaji jipya, na jipya lina mwanamume mlangoni.

Mwanamume mwenyewe alikuwa tayari. Shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa mzee mrefu mwenye koti la mvua na baiskeli isiyo na mnyororo, aliyoisukuma kila mahali ili watu wajue anayo. Wake alikuwa nao wawili. Alikuja kila wiki kutazama maji yamefika wapi, na sijawahi kumwona mtu anayefurahia mafuriko kwa heshima namna ile.

"Shemeji," alimwambia shangazi siku moja, baiskeli ikiwa imeegemea ghala, "ziwa hili limenitangulia kukuposa."

"Basi lioe wewe," shangazi akasema. "Lina samaki wengi, mimi nina kuku watatu."

"Unacheka. Maji yakifika langoni utaniita mwenyewe."

"Nikikuita utasikia. Una masikio makubwa, Mungu alikuwa mkarimu."

Mzee akacheka pia. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayecheka matusi yako anajua kwamba wakati uko upande wake.

Jioni hiyo shangazi alikaa mlangoni akimenya viazi. Mwezi mpevu ulikuwa unachomoza, jua halijazama sawasawa. Nikautazama, nikatazama ziwa lililojaa, na kichwani mwangu vitu viwili vikakumbatiana. Mwezi mpevu, maji mengi. Bamvua!

"Shangazi," nikasema, "maji haya yatarudi."

"Nani kasema?"

"Kitabu. Ni mwezi unayavuta. Wiki ijayo mwezi ukiwa nusu, yatakuwa maji mafu. Yatashuka."

Akaacha kumenya. "Una hakika, mwana wa kaka?"

Hapo ndipo palikuwa na njia panda ya maisha yangu, na nilipita njia ya wajinga kwa kifua mbele. "Hakika kabisa," nikasema. "Usivichimbe viazi bado, viache vinenepe."

Alikuwa amepanga kuvichimba Jumapili ile.

Nisije nikasema sikuwa na ushahidi. Ushahidi ndio ulioniponza. Nilikata ufito, nikauchonga alama za upana wa kidole, nikauchomeka majini, chini ya shamba. Nikaupima asubuhi, adhuhuri na alasiri, nikiandika daftarini kwa wino. Na maji yalipanda na kushuka! Asubuhi chini, alasiri juu vidole vinne, asubuhi chini tena. Nilikimbia mteremko huo nikipiga kelele kama kuku aliyetaga.

Kiongozi wa wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa letu, alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akishona wavu. Alikosa meno mawili ya mbele, na maneno yalimtoka na mluzi.

"Japuonj," aliniita, yaani mwalimu, jina alilonipa kwa kunidhihaki, "umeona nini huko? Mamba amekusalimu?"

"Nimeuona mwezi ukivuta maji, mzee. Asubuhi hushuka, alasiri hupanda."

Akaitazama anga. Ilikuwa alasiri, upepo unatoka ziwani ukipeperusha wavu wake.

"Omera, ndugu yangu," akasema polepole, "sasa hivi upepo unatoka wapi?"

"Ziwani."

"Na asubuhi?"

"Nchi kavu."

"Ukipuliza uji kwenye bakuli, uji unakwenda wapi?"

Wenzake wakaanza kucheka. Nikamweleza juu ya pande mbili zinazotuna, jua na mstari mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, lazima nimpe haki yake. Kisha akasema, "Mwezi ninaujua. Mwezi unaniambia niende kazini au nibaki kwa mke wangu. Kukiwa na giza tunawasha karabai, omena wanaifuata taa, tunawateka. Mwezi ukiwa mpevu wanatawanyika ziwa zima kama watoto wa shule wakati wa likizo, nasi tunakaa ufukweni kunenepa. Hiyo ndiyo kazi ya mwezi hapa Sori. Maji hayo mengine waachie wenyewe."

Nikaandika daftarini: "Wavuvi hawana elimu." Kwa wino. Ukurasa huo ninao, sikuuchana, herufi zake zilikuwa nzuri mno.

Usiku mmoja kiboko akang'oa ufito wangu. Nikauchomeka mwingine, lakini sasa sikujua alama za zamani zilikuwa wapi, kwa hiyo nilikadiria. Mtu ninayechana ukurasa kwa herufi moja, nilikadiria! Na unadhani nilikadiria kuelekea upande gani?

Mwezi ukawa nusu. Maji hayakushuka. Yalipanda vidole viwili na kuingia katika tuta la kwanza la viazi.

"Leo si siku ya maji mafu?" shangazi akauliza.

"Ni leo. Lakini sisi tuko bara, shangazi. Amri ya mwezi inachelewa kufika huku."

"Kama barua."

"Kama barua hasa."

Sijui jibu hilo nililitoa wapi. Liliteleza mdomoni limeiva. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana hatari hiyo: mwalimu na mwanafunzi wanaishi katika kichwa kimoja, na mwalimu hataki mwanafunzi amwone akiaibika.

Shemeji alipokuja wiki hiyo, shangazi hakumtania. Alimwambia tu, "Tunangoja mwezi. Msomi wangu amesema maji yatarudi."

Mzee akanigeukia. "Kweli, kijana?"

"Kweli, mzee."

Akaichukua baiskeli yake, akaenda. Hakuweza kubishana na kitabu, maana hakujua kusoma. Nilijisikia mkubwa kama askofu.

Mwezi ukafa, ukaandama mwingine. Matuta manne chini ya maji. Siku chache baadaye shangazi akanituma Homa Bay, kwa binti yake mkubwa aliyekuwa amejifungua, nimpelekee kuku na salamu. Mume wa binti huyo alikuwa mwalimu, na nyumbani mwake palikuwa na rafu yenye vitabu kumi na kimoja. Nilivihesabu kabla ya kumtazama mtoto. Cha saba kutoka kushoto kilikuwa kile changu. Kizima.

Nikanawa mikono. Nikafungua ukurasa uliofuata ule wangu wa mwisho. Ulisema, kwa herufi zilezile tulivu, kwamba mambo haya ni ya bahari, kwa kuwa bahari ni kubwa na imeizunguka dunia. Katika maziwa, hata makubwa, mvuto wa mwezi upo lakini ni mdogo kiasi kwamba hauonekani, na kupanda na kushuka kwa maji ya ziwa hutokana na upepo, mvua na mito.

Upepo. Mvua. Mito. Nilikisoma kifungu hicho mara tano nikitafuta herufi iliyopinda.

"Umeona mtoto?" yule mwalimu akaniuliza.

"Mzuri sana," nikasema. Sikuwa nimemwona.

Sasa nakiri lile linaloniaibisha kuliko yote. Nilirudi Sori siku iliyofuata. Matuta tisa yalikuwa bado makavu, na kama ningefungua mdomo jioni ile tungeyachimba yote kwa siku mbili. Sikufungua. Nilimpa shangazi habari za mtoto, nikatunga pua na macho yake. Nilinyamaza siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Nilikaa siku kumi na moja nikitafuta njia ya kukosea bila kuonekana nimekosea. Nilifikiria kusema kwamba kitabu cha Homa Bay ni toleo jipya. Nilifikiria kuugua. Kila asubuhi nilishuka majini kupima, nikiandika tarakimu nadhifu katika daftari zuri, huku viazi vikizama tuta moja baada ya jingine mbele yangu. Siku ya saba vilianza kunuka.

 Kabla ya hapo, siku ya nne, shangazi alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba, upande wa juu, nje kidogo ya uzio wake, akaanza kuchimba mashimo ya nguzo, yeye na wanawake wawili wa kanisani.

"Mnajenga nini?" nikauliza.

"Zizi la mbuzi."

"Lakini hatuna mbuzi."

"Ndiyo maana hawana pa kulala."

Zizi lile lilikuwa la mviringo. Lilikuwa na upana sawasawa na nyumba yake. Lilikandikwa udongo ndani na nje, lilikuwa na mlango na madirisha mawili ili mbuzi wapate kutazama ziwa. Majirani walipita wakalitazama, wakakohoa, wakaenda zao. Hakuna desturi inayokataza mjane kujenga zizi.

Lilichokosa ni paa, na paa jipya la nyasi haliwezi kuezekwa na wanawake watatu na kijana mwenye homa ya aibu. Lakini mwezi ulikuwa umekaribia kuwa mpevu tena. Wavuvi wote wa omena walikuwa ufukweni, wamelala chini ya mitumbwi, wanacheza bao, wanagombana na wake zao kwa kukosa kazi. Shangazi akawashukia na sufuria la uji.

Jumamosi haikufaa kwa sababu ya Wasabato, na Jumapili Wakatoliki walikuwa na misa. Ikawa Jumatatu. Asubuhi hiyo maji yalikuwa uani, hatua sita kutoka mlangoni. Wanaume thelathini na wawili wakaingia ndani ya nyumba na kuizunguka, wakakata kamba zilizofunga paa kwenye ukuta, wakapokea boriti kwa vichwa na mabega, na yule kiongozi wa wavuvi akaanza kuimba kwa mluzi wake. Paa likatikisika, panya wakaruka, vumbi la masizi la miaka ishirini likatushukia, na paa likainuka. Nami nilikuwa chini yake, upande wa kushoto, nikiona miguu ya watu tu.

Tulikuwa tumefika nusu ya njia nilipoona gurudumu la baiskeli limesimama mbele yetu.

"Simameni!" ilikuwa sauti ya shemeji. Alikuwa amekuja na wazee wawili wa ukoo. "Nyumba ya kaka yangu inakwenda wapi?"

"Kwa mbuzi," mtu akasema chini ya paa, na paa zima likacheka.

"Kimya! Mwanamke hahamishi boma. Hilo nani asiyelijua?"

"Sijahama," shangazi akasema. Sikumwona, lakini sauti yake ilikuwa mbele, karibu na gurudumu. "Paa ni lilelile. Mafiga ni yaleyale. Nimesogea kando maji yapite."

"Wazee," kiongozi wa wavuvi akasema, "semeni upesi. Hapa chini shingo zinaingia tumboni."

Wazee hawakusema upesi. Mzee mmoja akasema paa ndilo nyumba, kwa hiyo nyumba imehama. Mwingine akasema mafiga ndiyo nyumba, nayo bado yako chini, kwa hiyo nyumba haijahama, ila imevua kofia. Jasho lilitutiririka. Mtu nyuma yangu akaanza kusali kwa Kilatini. Ndipo shemeji akafanya jambo la akili, na hata leo namheshimu kwa hilo. Akainama, akachungulia chini ya paa, akanitafuta mpaka akaniona.

"Wewe, msomi! Ulisema maji yatarudi. Yatarudi au hayatarudi?"

 Niliuona mtego wote kama ramani. Nikisema yatarudi, basi hakuna sababu ya kuhama, rudisheni paa, na kesho kutwa maji yameingia ndani. Nikisema hayatarudi, basi boma la marehemu limekufa leo mbele ya mashahidi, na boma jipya linahitaji shoka, jogoo na mwanamume mwenye baiskeli. Nilichungulia miguu ya shangazi. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekaza udongo.

"Si mwezi," nikasema.

"Nini?"

"Nilikosea, mzee. Mwezi hauvuti ziwa hili, au unalivuta kidogo mno hata mtu asione. Ni mvua na mito, na upepo. Nilijua tangu nilipotoka Homa Bay na nikanyamaza, viazi vikaoza. Ni kosa langu."

Sikuweza kuona uso wa mtu hata mmoja, na nadhani ndiyo maana niliweza kusema.

"Sikukuuliza mwezi," shemeji akasema. "Nimeuliza maji. Yatarudi au hayatarudi?"

Nikatafuta kichwani jibu zuri, lenye tarakimu, na hapakuwa na kitu.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Sijui, mzee. Mvua ikikoma huenda yakarudi. Huenda yasirudi. Hakuna anayejua, hata kitabu kizima hakijui."

"Basi!" yule mzee wa mafiga akapiga fimbo chini. "Msomi mwenyewe hajui. Boma halizikwi kabla halijafa. Na mtu haachwi alowe akingoja. Wekeni hilo paa hapo juu, likae mpaka maji yatoe jibu."

"Kama zizi?" shemeji akauliza.

"Kama lolote! Watu wanakufa hapo chini."

Tukatembea. Hatua za mwisho tulikimbia kabisa, na paa likatua juu ya kuta za zizi likiwa limepinda upande mmoja kwa kiasi cha kiganja. Nililiona hilo mara moja. Nikafungua mdomo niwaambie waliinue tena kidogo walinyooshe, nikaona macho ya kiongozi wa wavuvi, nikaufunga.

Shangazi aliwapikia watu wote ugali na omena. Shemeji alikula pia, sahani mbili. Wakati wa kuondoka alisimama mlangoni, akalitazama ziwa, akanitazama mimi.

"Na utajua lini?"

"Sijui, mzee."

"Hata hilo hujui." Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiye na maziwa, akasukuma baiskeli yake akaenda.

Tulipobaki wawili shangazi alipanga mafiga, bado yana tope, akawasha moto. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno, vifungu vitatu, na nikavisema vyote. Alinisikiliza akipuliza majani makavu.

"Ulidhani nilikuamini?" akasema.

"Hukuniamini?"

"Wiki ya kwanza niliamini. Nilitaka kuamini. Baadaye nikaona yule mzee anaogopa kitabu chako, nikasema, acha mwezi uvute, unanipa nafasi ya kukata fito." Akaongeza kuni. "Lakini viazi viliniuma, mwana wa kaka. Siku uliyotoka Homa Bay nilikuona usoni. Ungesema jioni ile, vingekuwa ghalani. Sasa vimo tumboni mwa samaki, mwa kamongo."

 Akanipa jembe na kunionyesha kwa kidevu mahali pa kupanda, juu ya nyumba, kabla jua halijazama. Miche ya viazi tulipata kwa jirani. Nilipanda tuta moja jioni ile, shingo yangu ikikataa kugeuka, kwa hiyo sikuweza kutazama nyuma kuona kama mstari umenyooka. Asubuhi niliona ulikuwa umepinda vibaya, na shangazi alikuwa ameshalimwagilia tuta maji.